Mwongozo Huandikwa na Anayehangaika

Kijana akiuliza aanzie wapi kuchangia programu huria, jibu analopewa karibu kila mara ni hili: kama bado hujaweza kuandika msimbo, anza na nyaraka. Nia ni njema, na wapo waliofika mbali kwa kuufuata ushauri huo. Tatizo ni namna unavyotamkwa, kana kwamba miongozo na maelezo ni kazi ya kujishikiza wakati mtu anasubiri kazi yenyewe. Mimi siikubali fikra hiyo. Kuwaandikia watu jinsi ya kutumia programu ni kazi kamili, ina maandalizi yake, na maandalizi hayo huchukua muda mrefu kuliko uandishi.

Oktoba 2020 tuliona kinachotokea maandalizi yakirukwa. Tangu 2014 kampuni ya Marekani ya DigitalOcean imekuwa ikiendesha Hacktoberfest, mwezi mzima wa kuhamasisha watu wachangie miradi huria, na mwaka huo waliotangulia kutimiza idadi ya michango iliyowekwa waliahidiwa fulana. Watunzaji wa miradi wakafurikiwa na maombi ya mabadiliko yasiyo na maana: huyu kaongeza neno la sifa kwenye ukurasa wa utangulizi, yule kasogeza nukta, mwingine kabadilisha kichwa cha sehemu kikawa kibaya kuliko cha mwanzo. Kwa kuwa ni rahisi kugusa maelezo kuliko kugusa msimbo, maelezo ndiyo yaliyoumia. Siku chache tu baada ya mwezi kuanza, waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni, ikawa mradi usiojiunga kwa hiari yake hauhesabiwi. Lakini kila ombi lililokwisha kutumwa lilihitaji mtu wa kulifungua, kulisoma na kulifunga, mara nyingi mtu asiyelipwa, ambaye jioni hiyo angeweza kurekebisha hitilafu ya kweli.

Wala si kwamba hapakuwa na kazi ya kufanya. Mwaka 2017 GitHub iliwahoji watumiaji na wachangiaji wa programu huria. Asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo linalowakabili. Katika utafiti huo huo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema huchangia nyaraka mara chache, au hawachangii kabisa. Karibu wote wanalalamika, wachache wanashika kalamu, na kati ya hao wachache wapo wanaoishika kabla hawajaitumia programu wanayotaka kuieleza.

Nichukue mfano wa karibu nasi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mfumo ule ulijengwa kwa Microsoft Access. Ulikitosha kituo kimoja, lakini haukuweza kubeba mzigo wa maelfu ya watu wenye VVU walioanza kutibiwa chini ya mpango wa AMPATH. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis wakaanza kubuni mfumo mwingine utakaoweza kukua, wakashirikiana na wenzao wa shirika la Partners In Health. Huo ndio OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na Agosti mwaka huo huo ukafika Rwinkwavu, Rwanda. Leo uko katika nchi nyingi, na msimbo wake unaweza kusomwa na yeyote.

Kwa hiyo hii ni programu iliyozaliwa ikiwaangalia wagonjwa wetu. Anayekaa mbele yake kutwa nzima ni karani wa takwimu, muuguzi, mtunza kumbukumbu, mtu wa kituo cha afya. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wa Nairobi, Dodoma au Kigali wanaotafuta mradi wa kuchangia kwamba wasikimbilie miradi yenye majina makubwa ambayo hawaitumii. Waanze na ile inayomhudumia shangazi yao anapokwenda kliniki.

Mradi wa OpenMRS wenyewe umewahi kuonyesha kwamba uandishi unastahili kutengewa muda wake. Oktoba 2011 Google iliita miradi minne California, OpenMRS na OpenStreetMap ikiwamo, ikaikalisha kwa wiki moja na watu wa FLOSS Manuals, jumuiya ya kuandika miongozo ya programu huria, na kila mradi ukaondoka na kitabu. Hakuna aliyeandika kitabu kile usiku, akiiba saa baada ya msimbo. Hata Unix, mfumo ambao ndio asili ya ukoo wa seva nyingi za leo, ulikuja na mwongozo wake mapema: toleo la kwanza la Ken Thompson na Dennis Ritchie lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Katika kurasa zake nyingi mna sehemu inayotaja kasoro zinazojulikana za programu inayoelezwa. Napenda sana uungwana wa waandishi wale. Walimheshimu msomaji kiasi cha kumwambia mapema mahali atakapojikwaa.

Sasa, mtu anajiandaaje? Kwanza aitumie programu, na aitumie kwa namna maalumu. Atafute kompyuta isiyo na kitu, au afute kila kilichosakinishwa, kisha afungue mwongozo uliopo na kuufuata neno kwa neno. Asijaze pengo kwa akili yake. Mwongozo ukisema “fungua folda ya mradi” bila kuonyesha jinsi folda hiyo ilivyopatikana, asimame aandike. Amri ikitoa ujumbe ambao mwongozo haukuutaja, aunakili wote kama ulivyo. Akikaa dakika kadhaa akitazama skrini isiyosema chochote, hajui kama programu inafanya kazi au imekwama, aandike hilo pia, pamoja na saa.

OpenMRS ni mfano mzuri wa hali hiyo. Seva inapowashwa kwa mara ya kwanza huanza kutengeneza majedwali ya hifadhidata, na shughuli hiyo huchukua muda. Mzoefu hajali, anakwenda kunywa chai. Mgeni hudhani ameharibu, anazima, anaanza upya, na safari hii anakuta hifadhidata iliyojengwa nusu, yenye kosa jipya ambalo halimo katika ukurasa wowote. Sentensi moja ya kumwambia asubiri, na jinsi atakavyojua kwamba mambo yanaendelea, ingemwokolea siku nzima. Sentensi hiyo hawezi kuikumbuka aliyewasha seva mara mia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijaona mahali ambapo usemi huo una ukweli zaidi ya hapa. Lakini ugeni hauishi muda mrefu. Ukirudia usakinishaji mara chache tu mkono unaanza kuruka hatua wenyewe, na yale yaliyokutesa yanatoweka kichwani. Atakayesema “nitaandika nikishaielewa vizuri” atakuwa ameshapoteza kile ambacho mradi ulikihitaji kutoka kwake.

Na sisi wa huku tuna ujuzi mwingine ambao hauko kwenye madawati ya waandishi wengi wa miongozo hii. Miongozo mingi huanza kwa kumwambia msomaji apakue, bila kumwambia atapakua megabaiti ngapi. Kwa aliye na nyaya za mtandao ofisini hilo si neno. Kwa anayenunua bando la siku kwa simu na kuiunganisha kompyuta nayo, ni tofauti kati ya kumaliza na kukwama katikati, na pesa imekwenda. Ukubwa wa faili ulipaswa kuwa mstari wa kwanza. Vivyo hivyo na umeme: nini hutokea ukikatika wakati data inaandikwa, na mtu afanye nini unaporudi? Je, programu inaweza kusakinishwa kutoka kwenye diski ya USB, mahali pasipo na intaneti kabisa? Je, ukurasa wa maelezo unasomeka kwenye simu, ikiwa kompyuta pekee ya kituo ndiyo hiyo inayosakinishwa? Mtengenezaji wa Boston au Oslo anaweza kuwa mtu mwema mwenye bidii na bado asifikirie maswali haya, kwa sababu hayajawahi kumkuta. Anayeyajua asinyamaze akidhani ni shida zake binafsi.

Baada ya kutumia, aketi na wanaotumia. Mfano wa namba ya mgonjwa unanivutia sana. Katika OpenMRS, namba ya kawaida ya utambulisho huwa na alama ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa kanuni iliyotokana na ile ya Luhn, ili namba ikinakiliwa vibaya mfumo uitambue na kuikataa. Nyaraka za watengenezaji zitalieleza jambo hilo kwa jina la kanuni na hesabu zake, na ni haki yao. Lakini karani mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hahitaji hesabu. Anahitaji kuambiwa kwamba mfumo ukiikataa namba haujaharibika: kuna tarakimu au herufi moja aliyoikosea, aangalie tena kadi. Asipoambiwa atafanya lile ambalo binadamu yeyote mwenye haraka angelifanya. Atamsajili mgonjwa upya kwa namba nyingine, na historia ya dawa za mama yule itabaki kwenye faili ambalo hakuna atakayelifungua tena.

Au mzee anayefika asijue tarehe yake ya kuzaliwa. Mfumo unaruhusu kuandika umri wa kukadiria na kuuwekea alama kwamba ni makadirio. Karani asiyejua hilo atabuni tarehe, na makadirio yakageuka kuwa ukweli. Mambo kama haya hayaonekani kwa kusoma msimbo. Yanaonekana kwa kukaa asubuhi moja kando ya meza ya usajili.

Hapo ndipo mwandishi anapogundua kwamba hana msomaji mmoja. Daniele Procida, aliyefanya kazi kubwa kwenye nyaraka za Django, kiunzi huria cha kujengea tovuti, na baadaye kusimamia nyaraka katika kampuni ya Canonical, amegawa nyaraka katika aina nne, mpangilio anaouita Diátaxis. Kuna somo, linalomshika mkono anayeanza. Kuna mwongozo wa kazi, unaomsaidia mtu anayejua anachotaka kukifanya. Kuna rejea, ambamo mtu hutafuta jambo moja na kuondoka. Na kuna ufafanuzi, unaosema kwa nini mambo yako hivyo. Nimesoma nyaraka nyingi zilizoharibika kwa sababu aina hizi zilichanganywa: somo linakatizwa na aya tatu za nadharia, rejea inaanza kusimulia. Anayejiandaa kuchangia ausome kila ukurasa uliopo akijiuliza ni wa aina ipi na unamwambia nani. Mara nyingi atakuta kinachokosekana si ukurasa mpya. Ukurasa upo, umewekwa mahali ambapo anayeuhitaji hawezi kupita.

Django yenyewe inafaa kutazamwa na mtu wa gazeti. Ilizaliwa ndani ya chumba cha habari, katika gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas, mikononi mwa Adrian Holovaty na Simon Willison, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Sifa ya nyaraka zake imeenea, na ukisoma maelekezo wanayopewa waandishi utaona sababu. Wanaombwa waepuke maneno yanayopunguza ugumu wa jambo, yale ya kumwambia msomaji kwamba hatua fulani ni rahisi au ni ya kufanya tu. Ukiambiwa jambo ni rahisi na limekushinda, utajiona mjinga, utafunga ukurasa. Watumiaji wa Django wa bara letu walikusanyika Zanzibar Novemba 2023 kwa mkutano wao, na nina hakika wengi wao waliingia katika fani hii kwa kurasa zile, wala si kwa darasa.

Desturi nyingine za miradi ni kavu zaidi, ila hazirukwi. Miradi mingi ina ukurasa unaoeleza namna ya kuchangia, na watu wanaousoma kabla ya kutuma ni wachache kiasi kwamba atakayeusoma atajulikana mara moja. Leseni ya maandishi inaweza kuwa tofauti na leseni ya msimbo. Miradi mingine hudai uthibitishe kwamba unachotoa ni chako au una haki ya kukitoa. Utaratibu huo uliingia kwenye Linux mwaka 2004, wakati kampuni ya SCO ilikuwa mahakamani ikidai msimbo wake umeingizwa humo, na tangu hapo mchangiaji wa Linux huweka saini yake kwenye kila badiliko. Mwandishi wa nyaraka naye anabanwa. Kunakili aya kutoka kitabu cha mtu ni kuuingiza mradi mzima kwenye kesi. Zaidi ya hayo kuna kujifunza Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Wengi hukiogopa, lakini mwandishi anahitaji sehemu ndogo sana ya uwezo wake, na sehemu hiyo hujifunzwa kwa kuitumia kwenye folda ya majaribio ambako hakuna cha kuharibu.

Halafu azungumze kabla ya kuandika. Afungue tiketi, aeleze alichokijaribu, kwenye mfumo gani, toleo lipi, nini kilitokea, na anapendekeza ukurasa upi ubadilike vipi. Asubiri. Huenda kuna mtu mwingine anaiandika sehemu hiyo hiyo, au programu inakaribia kubadilika na ukurasa utafutwa mwezi ujao. Huenda pia asijibiwe kwa wiki mbili. Hilo lisimvunje moyo wala lisimfanye atume ujumbe kila asubuhi, maana upande wa pili yupo mtu mwenye ajira na watoto. Mchango wa kwanza uwe mdogo kiasi cha kusomwa kwa dakika tano, na uwe wa kweli kiasi kwamba aliyeusoma aseme, naam, hili lilikuwa linawaangusha watu.

Siku hizi kuna kishawishi kipya, cha kuiomba akili bandia iandike. Itaandika, tena kwa ufasaha, na itataja vitufe ambavyo havipo na amri zilizoondolewa miaka iliyopita, kwa sauti ile ile ya uhakika. Simkatazi mtu kutumia chombo kinachomsaidia kunyoosha sentensi. Ninachokishikilia ni kwamba kila hatua iliyomo kwenye ukurasa iwe imefanywa na mkono wa anayeuwasilisha, kwenye mashine halisi, na matokeo yake kuonekana. Katika mfumo wa hospitali, hatua ya kubuni inaweza kumfikia mgonjwa.

Swali la Kiswahili hutokea hapa, na ni lazima litokee. Tumewahi kufanya kazi hiyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa fahari. Lakini programu haisimami ilipo, kila toleo huja na menyu mpya na maneno mapya, na tafsiri isiyo na watu wa kuikalia hupitwa upesi. Anayetaka kufasiri miongozo ajiandae kwa miaka, au ajiandae kuwarithisha wengine. Na aanze na kurasa za karani, kabla ya kurasa za msimamizi wa seva, kwa kuwa msimamizi tayari ameshazoea kusoma Kiingereza na karani ndiye anayekisia.

Vyuo vyetu vina nafasi kubwa katika jambo hili na haviitumii. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huombwa atengeneze mfumo mpya, mfumo ambao kwa kawaida hufa siku ya kuwasilisha. Kwa nini asiruhusiwe kuchukua sura moja ya mwongozo wa programu ambayo wizara ya afya inaitumia tayari, aijaribu kituoni, aiandike upya, aipitishe kwa watunzaji, na kazi iliyokubaliwa ihesabiwe kama mradi wake? Mwalimu angekuwa na cha kusahihisha, na kituo kingebaki na kitu. Waajiri nao waache kuuliza tu mtu ameandika mistari mingapi ya msimbo.

Mwanafunzi huyo akifika kituoni aende kwa adabu na kwa ruhusa ya maandishi. Asipige picha ya skrini yenye jina la mgonjwa hata mmoja. OpenMRS ina data ya mfano kwa kazi hiyo, na picha zote zitoke humo. Kisha amuulize karani aliyekaa na mfumo muda mrefu kama amejiandikia chochote. Mara nyingi utamkuta na daftari la shule kando ya kibodi, lenye hatua alizojigundulia mwenyewe: usibonyeze hapa kabla ya kuhifadhi, ripoti ya mwezi ikigoma badilisha tarehe kwanza, namba ikikataliwa tazama herufi ya mwisho. Yaliyomo yajaribiwe, yapangwe, yapelekwe kwenye mradi. Na karani akiridhia, jina lake liandikwe kwenye orodha ya wachangiaji, juu ya jina la mwanafunzi.